Jaza Watoto Wako Wote

Ijumaa, Mabawa. Mvua ya manyunyu tangu alfajiri. Nguo nimezianika sebuleni na nyumba nzima inanuka sabuni.

Naandika kwa sababu mapishi ya leo yamenishinda. Saa tano asubuhi nilikuwa nakuna nazi, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwenye ile programu ya kuwadhibiti watoto mtandaoni. Ulisema Jumatano ijayo mwanangu anatimiza miaka kumi na tatu, na kuanzia siku hiyo ataamua mwenyewe kama aendelee kuwa chini ya uangalizi wangu.

Mimi nina watoto wawili. Maimuna ana miaka kumi, Athumani ana saba.

Nilidhani wamekosea mtu. Nikafungua nihakikishe, na kwenye orodha nikakuta majina matatu. La juu kabisa ni Mwanahawa.

Nazi niliiacha palepale kwenye mbuzi.

Niseme jambo ambalo sijapata kuliandika hapa, pamoja na maneno yote ninayoyamwaga kwenye blogu hii. Kabla ya Maimuna nilizaa msichana. Aliishi siku tano. Hakufika siku ya saba, hakunyolewa, hakufanyiwa akika, na jina lake hakutangaziwa mtu. Tulilijua wawili tu, mimi na mume wangu, tulilichagua mimba ikiwa na miezi minane. Siku aliyozikwa nilimwambia mume wangu jina hilo lisitajwe tena humu ndani, naye akaitikia kwa kichwa. Miaka yote hii halijatajwa. Mtaani naitwa Mama Maimuna, na huitika.

Sasa limo kwenye simu yangu, na picha ya ua pembeni.

Programu yenyewe niliiweka wiki tatu zilizopita, baada ya kumkuta Athumani anatazama video ya watu wanaokatana mapanga. Niliwawekea kila mmoja saa moja kwa siku kwenye tableti, ikifika magharibi inajifunga yenyewe. Nilijiona mama wa kisasa kwelikweli. Kila Ijumaa huletewa ripoti ya walichotafuta, na sikuwahi kufungua hata moja. Nilitosheka kujua kwamba zinakuja.

Leo nimefungua ya Mwanahawa.

Hana kikomo, hakuna aliyemwekea. Dakika arobaini karibu kila siku. Ametafuta mitindo ya kusuka nywele. Ametafuta namna ya kupika mkate wa kumimina usiungue chini. Jumanne ametafuta hivi: mtoto wa siku tano anamjua mama yake?

Nilitazama mlango wa chumba cha watoto, na sioni haya kusema kwamba niliogopa kuufungua. Watoto walikuwa shuleni, nyumba tupu, lakini nilikuwa na hakika kuna msichana upande wa pili, amekaa kitandani, anangoja nimwite aje kula.

Sikuufungua. Nilikaa barazani na manyunyu yale mpaka Maimuna aliporudi.

Sikumfokea. Nilimwonyesha jina tu, wala hakushtuka.

"Mama, si siku ile ulinipa simu nikujazie, mikono yako ina unga? Iliandika jaza watoto wako wote."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mzima nataka kuwafungia watoto mlango, halafu namwomba mtoto mwenyewe anisaidie kufunga. Hakunificha kwamba saa yake ikiisha huhamia kwenye jina la dada yake. Nikamuuliza kuhusu lile swali la Jumanne. Akasema alikuwa anamuulizia dada, kwa sababu dada hawezi kuuliza mwenyewe.

Jina na tarehe alivijua kwa baba yake. Kila Idi, baada ya swala, mume wangu huwachukua watoto kwenda kuwaona jamaa zake Pongwe, mimi hubaki na pilau. Kumbe hupitia makaburini. Huwasimamisha mbele ya kaburi dogo na kuwaambia wamwamkie mkubwa wao. Nao humwamkia, shikamoo dada.

Shikamoo, kwa mtoto wa siku tano.

Wanangu wanalijua kaburi lile. Mimi silijui. Huku kwetu wanawake hatufuati jeneza, tena nilikuwa ndani ya arobaini, nikasikia tu ndala za wanaume zikitoka uani. Baadaye sikuuliza aliwekwa wapi. Niliona nikiuliza nitakuwa nimekubali.

Mume wangu aliporudi kutoka msikitini nilimuuliza imekuwaje. Alivua kofia, akaikunja.

"Ulisema asitajwe humu ndani," akasema. "Kule si humu ndani."

Nilimkasirikia. Kisha nikaona wivu, na wivu ndio ulioniuma zaidi.

Sasa ni alasiri. Watoto wamefuatana na baba yao kwa shangazi yao. Tableti nimeifungia kabatini, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga. Nimekaa jikoni na simu nikikusudia kulifuta lile jina, na programu ikaniuliza: una hakika unataka kumwondoa mtoto huyu?

Sikuweza.

Badala yake nimemwekea saa moja kama wenzake, nisije nikaonekana nina upendeleo. Na Jumatano nitamwomba mume wangu anipeleke Pongwe. Nitakwenda hata mvua ikinyesha. Ila sijui nitasimamaje pale, maana kwa adabu niliyowafundisha hawa wengine, mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa. Yeye ndiye wa kuanza.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika, simu ikatetemeka juu ya meza.

Mwanahawa anaomba dakika kumi zaidi.

Najua mtandao wetu mvua ikinyesha huchanganya mambo. Najua pia kwamba tableti imo kabatini na ufunguo ninao mimi.

Nimebonyeza Ruhusu. Halafu, peke yangu jikoni, nikajisikia nasema marahaba.