Waya Uliouchomoa Mama Akinijibu

Baba Latifah,

Matoke yako kwenye sufuria, yameshaiva. Latifah anatoka shule saa kumi, umchukue wewe. Habari ya bibi yake usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Nimekwenda kupanda basi la Arua. Mama amefariki.

Asubuhi nilikuambia naongea na mama kwenye kompyuta, ukaitikia. Kaka Wahabi alikuwa kando ya kitanda chake hospitali, amemshikia simu mdomoni, maana sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Nikamwomba radhi kwa miaka yote niliyogombana naye. Akafungua mdomo. Hapo ukachomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta, ukauchomeka kwenye mashine yako ya kuchimba bitikoini. "Dakika mbili tu, Mama Latifah, mashine imekosa mtandao."

Mwaka juzi ulinichomolea hivyo hivyo nikiwa kwenye mkutano wa mtandaoni na wauza samaki wa Ggaba. Sijasahau. Siku ile nilikupigia kelele mpaka majirani wakaja. Leo mimi, ninayewafundisha wanawake wenzangu wasinyamaze, nimekaa kimya nikingoja dakika zako ziishe.

Ziliisha. Mama alikuwa ameshaenda.

~~Nikirudi nisiikute hiyo mashine.~~ Ifanye utakavyo, sina nguvu ya kugombana.

Wahabi anasema mama alinijibu. Lakini alijibu kwenye simu, kwa sauti ndogo, na Wahabi mwenyewe hakusikia alichosema.

Funika matoke, nzi ni wengi.

Mama Latifah