Miche ya Bi Zuhura

Mama, shikamoo. Hapa Dakawa jua linachoma na mimi situlii. Mimi na watafiti wenzangu tunafuatilia kimyanga, kile kirusi kinachofanya mpunga uwe wa njano na ukose kuzaa. Juzi Bi Zuhura, mkulima aliyetupikia wali na perege, alinifungia miche ya kitaluni kwake. "Mpelekee mama, usirudi mikono mitupu."

Ilikuwa kijani kibichi, nikapokea. Leo majibu ya sampuli tulizochukua kwake yametoka: kitalu chake kina kirusi. Miche yako nimeichoma moto, na bado nanawa mikono kila mara, maana mikono nayo hukihamisha kirusi toka mpunga hadi mpunga. Kesho nitamwambia ang'oe kitalu chote, naye majirani keshawagawia.

Nitaanzia wapi, mama? Nimekukumbuka sana. Nikirudi mikono mitupu, nipokee hivyo hivyo.

Mwanao, Neema