Tulipopanda Mchanga wa Shela

Jumamosi, Februari

Nimewaambia. Sikupanga, ila vilima vya mchanga vya Shela vimenishinda.

Jua lilikuwa kali, na kila hatua mchanga ulinirudisha chini. Salma na Rukia, walimu wenzangu, walikuwa mbele wakinitania: "Mwalimu, si ulisema umezaliwa mlimani?" Nikaudhika, nikaketi, kisha nikajikuta nalia. Nikawaambia daktari alinikuta na presha mwezi uliopita, na dawa sijaanza kumeza. Naogopa. Presha ndiyo iliyomuua baba.

Salma alishuka, akanikingia jua kwa leso yake. "Mbona hukutwambia, ndugu yangu? Mwezi mzima umejibebea peke yako."

Hakuna aliyefika juu. Tuliteremka polepole, Rukia amenishika mkono.

Nimemeza kidonge cha kwanza sasa hivi. Ni kichungu.