Kadi Iliyokaa Bila Kazi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, habari za shemeji, na wanangu wawili wanaendeleaje? Mgongo wako umepata nafuu, au bado unainama kwenye meza ya kukatia mpaka jioni na kujidanganya kwamba utapumzika Jumapili? Sisi hapa hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini ni kile kikohozi chake cha kuita watu, hutokea akitaka mtu amletee kitu. Mimi ni mzima. Mzima kupita kiasi, Dada, sina hakika kama niliwahi kuwa hivi.

Najua umeshangaa kuona bahasha badala ya simu. Kwenye simu wewe huuliza haraka na mimi hujibu haraka, na nikijibu haraka sisemi nilichokusudia. Habari yangu ni ndefu. Isome ukiwa umekaa, na tafadhali usirukie ukurasa wa mwisho.

Unaujua ukumbi wa michezo wa Mjomba, pale nyuma ya duka la vipuri. Mashine zake zimezeeka, gemu mpya hazifunguki, na wateja waliobaki ni wale wanaokuja kukwepa jua. Miezi miwili iliyopita alitangaza mezani kwetu kwamba atanunua kompyuta nane za gemu kutoka kwa muuzaji mmoja anayejiita Daktari wa Kompyuta. Niliweka kijiko chini nikamwambia kuwa mashine za Daktari nimezichungulia: ni kadi kubwa ya picha iliyofungwa pamoja na prosesa dhaifu, na kwamba kwa bajeti ileile ningemuundia bora zaidi. Mama akauliza, tangu lini? Mjomba alicheka mpaka akapaliwa. Akasema hana wasiwasi, mpwa wake ni karani wa bima, mashine ikilipuka fidia iko palepale mezani.

Lakini unamjua Mjomba, akishacheka hufikiri. Kesho yake alinipa bajeti ya mashine moja na masharti yake. Iendeshe ile gemu mpya ya malori ya milimani bila kukwama. Ikiweza, zote nane nitaziunda na kuzihudumia mimi, kwa mshahara. Ikishindwa, anamwita Daktari, na mimi nirudi kwenye fomu zangu na nisimfundishe mtu mzima kazi akiwa anakula.

Ngoja nikueleze kwa lugha ya karakana yako ya ushonaji, kwa sababu nataka uelewe nilivyochanganyikiwa kwa furaha. Prosesa ni yule mkata nguo wako, Mkasi. Yeye ndiye anayeamua kila kitu: lori liko wapi, gurudumu limeingia shimo gani, jiwe litaangukia wapi. Akishakata, anamkabidhi mshonaji, ambaye ndiye kadi ya picha, na mshonaji anaishona ile picha unayoiona kwenye skrini. Wanafanya hivyo mara sitini kwa sekunde moja, Dada. Sasa ukiajiri mshonaji bingwa wa mji mzima ukampa mkataji mzembe, bingwa atakaa anasugua kucha akisubiri kitambaa. Ukiwa na mkataji mwepesi na mshonaji mchovu, vipande vitarundikana mpaka dirishani. Kwa hiyo hununui kikubwa. Unanunua wawili wanaowezana. Watu hawaulizi hivyo. Wanauliza kadi tu, kama wale wanaouliza bwana harusi ana gari gani wasiulize kama anajua kuendesha.

Wiki sita nilikula chakula changu cha mchana kwenye stoo ya mafaili ofisini, daftari magotini, nikilinganisha prosesa hii na kadi ile. Bajeti ya Mjomba ilikuwa shuka fupi, nikifunika kichwa miguu iko nje. Mwisho nilichagua prosesa ya viini sita, yaani kama Mkasi mwenye mikono sita, si ya mwaka huu, na kadi ya wastani iliyokwisha tumika. Niliipata kwa mhariri wa video za harusi ambaye anasema amechoka kutazama keki zikikatwa. Nilikaa kwake saa nzima nikiijaribu, na aliifuta vumbi mbele yangu kwa brashi ya rangi. Nilipomwonyesha Mjomba aliigeuza mkononi akauliza nusu yake nyingine iko wapi.

Siku ya kuiunda nilifunga mlango wa chumba chetu cha zamani. Prosesa haisukumwi, Dada. Unailaza kwenye kiti chake, na kama umeielekeza sawasawa inajikalisha yenyewe. Sijui ni kitu gani kingine maishani mwangu kimewahi kuingia mahali pake kwa upole namna ile.

Jumamosi saa nne asubuhi nikaipeleka ukumbini. Wa kuijaribu alikuwa Breki, dereva wa basi mstaafu, mteja wa Mjomba tangu siku ya ufunguzi. Huyu mzee huendesha gemu kama alivyoendesha barabarani, husimama kwenye kivuko hata kama hakuna mtu. Watu wakajikusanya nyuma yake. Lori likaondoka, likaganda, likaruka, likaganda. Breki akasema aliwahi kuendesha basi la matairi matatu na lilikuwa na adabu kuliko hili. Akasema milima yenyewe inaletwa kwa mafungu, nusu leo nusu kesho. Mmoja akashauri tushuke tusukume. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa Mjomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nisijali, nilijitahidi, na kwamba kesho jioni atampigia Daktari.

Niliibeba mashine mpaka chumba cha nyuma nikawasha ule ukurasa unaoonyesha nani anafanya kazi kiasi gani. Prosesa: mia kwa mia. Kadi: sifuri. Nikaamini moja kwa moja kwamba hesabu yangu ya wiki sita ilikuwa takataka, kwamba nimempa Mkasi mzigo asiouweza. Nilirudia daftari ukurasa kwa ukurasa nikitafuta nilipokosea, na kila nilipofika mwisho jibu lilikuwa lilelile: wanawezana. Nikarudi nyumbani.

Jumapili asubuhi nilirudi peke yangu, nikaitazama tena ile sifuri. Na hapo, Dada, nywele zilinisimama. Mshonaji anayesubiri kitambaa hapati sifuri. Hata mkataji akiwa mzembe namna gani, kitamfikia kipande, mfuko, kola, kitu. Sifuri si ya anayesubiri. Sifuri ni ya ambaye hakuitwa kazini.

Nikaenda nyuma ya mashine. Waya wa skrini una mahali pawili pa kuchomekwa: tundu la juu, kwenye ubao mkuu, na tundu la chini, kwenye kadi yenyewe. Wangu ulikuwa juu. Niliuchomeka mwenyewe, ukumbini na kule nyuma pia, tena nikaukunja vizuri nikaufunga kwa kamba. Miaka mitatu ofisini, kila kompyuta ikihamishwa meza huitwa mimi, na zile mashine za fomu hazina kadi, zina tundu la juu tu. Mkono wangu ulikwenda ulikozoea. Na hiyo prosesa niliyoichagua inajua picha kidogo, kama Mkasi anavyojua kushona vifungo. Basi Jumamosi nzima maskini alikata na kushona harusi nzima peke yake, na mshonaji niliyemtafuta wiki sita amekaa chumba cha pili, mikono amefumbata.

Niliuhamisha waya. Ni hilo tu, kiganja kimoja kushuka chini. Nikawasha. Lori likapanda mlima, Dada! Lilipanda kama limepakwa mafuta, matone ya mvua yakatiririka kwenye kioo moja moja, vumbi likainuka nyuma ya magurudumu. Kadi tisini na tano kwa mia, prosesa sabini. Wanawezana! Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa duka la vipuri akaja na rungu.

Saa nane mchana niliirudisha ukumbini, Breki akaketi tena, kwa dharau. Dakika arobaini hakuondoa macho barabarani. Kwenye kona ya tatu alianza kuinama na lori, bega zima. Alipomaliza alishuka kwenye kiti kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwenye lori la kweli, akasema kwa ukali kwamba kesho asikute mtu mwingine amekaa pale.

Mjomba akaamua kwamba mhariri wa harusi alituuzia kadi mbovu na mimi nimeiponya. Alikuwa tayari anavaa viatu aende kumtukana. Ningeweza kunyamaza. Ningekuwa shujaa kwa kunyamaza tu. Nikamwambia mbele ya wote kwamba kadi haina kosa, kwamba ni mimi niliyechomeka waya tundu la juu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, yaani ni waya tu? Nikasema ni waya tu. Nikaona nane zangu zinaondoka mlangoni. Ndipo Breki akakohoa, akasema yeye alipohamishiwa basi jipya, mwezi mzima kila akitaka kukata kona aliwasha waipa badala ya taa ya ishara, na abiria walikuwa wakichungulia nje kutafuta mvua.

Mjomba akavua kiatu kimoja, akacheka. Akaenda duka la vipuri akarudi na utepe mwekundu, akaniamuru nizibe nao kila tundu la juu kwenye kila mashine nitakayounda, akaongeza kwamba kipande kingine angenibandika mdomoni ile siku ya mezani, bahati mbaya sasa mdomo wenyewe anauhitaji. Nne niunde sasa, nne baada ya miezi mitatu. Mshahara unaanza mwezi ujao.

Sasa nimefika kwenye neno lenyewe.

Nilijiuzulu Ijumaa. Si baada ya ushindi, Dada. Ijumaa saa tatu asubuhi, siku moja kabla ya jaribio, nilimkabidhi Meneja barua ya kuacha kazi. Kwa hiyo Jumamosi waliponicheka, Mjomba alidhani ananirudisha kwenye fomu, na fomu hazikuwepo tena. Sikumwambia Mama. Sikumwambia yeyote. Wewe ndiye wa kwanza.

Najua kazi ile ilivyopatikana. Ulimshonea mke wa Meneja, ukamwomba, wewe ambaye hujawahi kumwomba mtu hata sindano. Uliweka jina lako kwa ajili yangu, na mimi nimelitoa pale bila kukuuliza. Hilo ndilo ninalokuomba radhi. Kuondoka kwenyewe siwezi kukuombea radhi, ningekuwa nasema uongo.

Nimejiuliza kwa nini sikusubiri siku moja tu. Nadhani niliogopa. Kama ningesubiri na mashine ikashindwa, ningebaki, na nikibaki safari hii ningebaki mpaka uzeeni, nikipanga ajali za watu kwa herufi. Pia nilikuwa na kiburi, lazima niseme. Nilikuwa na hakika kabisa, na mwenye hakika ndiye aliyechomeka waya pasipo pake. Usiku wa Jumamosi nililala macho. Lakini nilitafuta majuto kama mtu anavyotafuta ufunguo kwenye mkoba, nikamwaga kila kitu kitandani, sikuyaona.

Mke wa Meneja atakuja kwako kupimwa gauni, na unajua anavyoongea akiwa amesimama na pini kiunoni. Sikutaka uyasikie kwake. Nimemwandikia yeye pia, nimemshukuru, na nimemwambia wazi kwamba hukujua lolote. Ofisini nitafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, nimfundishe atakayekaa mezani kwangu. Mama nitamwambia leo jioni, nikishaitia barua hii posta, ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Nikasirikie, Dada. Nastahili kukasirikiwa. Ila uniandikie, kurasa hata kumi. Nitapokea kila neno isipokuwa lile lako la "sawa" ukiwa hujaridhika. Hilo sitaliweza.

Msalimie shemeji sana. Wanangu wabusu, waambie mama mdogo wao sasa anaruhusiwa kucheza gemu mchana kweupe na hakuna wa kumgombeza. Mkasi na washonaji wako wote wape salamu, na umwombe Mkasi msamaha kwa yote niliyoyasema juu ya wakataji. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwa nini naandika kwa haraka hivi. Mungu akulinde na aupumzishe mgongo wako.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa nyumba, asiye na ajira, mwenye kazi.