Kamba Iliyorudi Peke Yake

Mtani wangu Mbeyu,

Toka Bofu kwetu mpaka Kiembeni, mtafute mtu mwenye bahati kunishinda mimi Rashidi, utachoka miguu urudi kwenu. Nimetoka kwenye ule moto wa magodoro wa Miritini mzima kama yai. Mkwaruzo hata mmoja sina. Kazi naipiga kama kawaida, nala nashiba, usiku nalala fofofo. Barazani wananiita Simba wa Moto nami siwakatazi, kwani mtu akikupa cheo cha bure utamrudishia? Wewe umekufa, mimi nakunywa chai. Mgiriama kashindwa, Mdigo kashinda. Hayo ndiyo matokeo, na refa keshakwenda nyumbani.

Usinune. Ni wewe mwenyewe uliyesema, siku ya kwanza niliporipoti kituo cha zimamoto Changamwe, "Huyu Mdigo ni mtani wangu. Asiguswe na mtu, nitamtesa mwenyewe." Na kweli ukanitesa. Mimi niliyetembea dunia, niliyefika Dubai na Jeddah nikisugua sitaha za meli, ukanitia kwenye lile kontena bovu nyuma ya kituo, magunia mabichi yanafuka ndani, giza kama tumbo la nyangumi, ukanifungia mlango. Nikatoka natapika. Ukasema mbele ya makuruta wote, "Mtungi wa hewa wa Rashidi hauishii motoni, unaishia mdomoni."

Lakini ulinifundisha, siwezi kukataa. Mkono wa kulia ukutani, usiuondoe hata ukimsikia mamako anakuita. Pumua kama mtu anayekunywa chai ya moto, kidogo kidogo. Na kamba. Kamba ndiyo ilikuwa dini yako. Mmoja abaki mlangoni ameishika, wawili waingie wamejifunga kwa ndoano kiunoni. Kutingisha mara moja, tupo. Mara mbili, legeza. Mara tatu, tutoeni. Nilipokuuliza kwa nini unaibembeleza kamba kuliko wanafunzi wako, ulisema, "Kamba haina mdomo, ndiyo maana naiamini kuliko wewe."

Watu huniuliza siku ile ilikuwaje, nami kila mmoja nampa yake, na katika kila moja mimi ni shujaa zaidi. Wewe nitakwambia ilivyokuwa, maana mwisho wake hukuuona.

Unazikumbuka ndara za mlinzi pale mlangoni mwa godauni. Zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia msikitini, na redio yake bado inaimba. Watu wakapiga kelele, "Mlinzi yumo! Mlinzi yumo ndani!" Tukaingia, wewe mbele mimi nyuma, mwenzetu Katana mlangoni na kamba yake. Moshi wa magodoro unaujua wewe, ule mweusi, mzito, wa kushikika. Tulipofika kwenye rafu zilizoanguka, ukataka kupita chini yake na kamba ikakuzuia. Ukanigonga bega mara mbili: ningoje hapo. Nikasikia ndoano yako ikifunguka. Ukatambaa ukaenda kumtafuta mlinzi. Nikachutama. Nikaitingisha kamba mara moja kumwambia Katana tupo, kama ulivyonifundisha.

Huko nje sasa, walikuwako madereva wa malori na mataniboi wao, wale wanaoegesha ng'ambo ya barabara. Watu wema, Mbeyu, nisiwaseme vibaya. Kazi yao ya kila mvua ni kukwamuana matopeni kwa kamba. Wakaiona kamba inatikisika. Mmoja akasema, "Wanaomba kuvutwa hao!" Katana akawapigia kelele waache, wakamsukuma kando, wakamwita mwoga anayewaacha wenzake wafe. Wakaishika msururu mzima. "Haya, wote! Eee, vuta! Eee, vuta!"

Niling'oka pale kama samaki kwenye mshipi. Nikaburutwa kifudifudi juu ya mabati, nikapigizwa kichwa kwenye nguzo ya mlango, nikatua juani. Na nyuma yangu ikaja sehemu yako ya kamba, imelegea, ndoano tupu, inacheza kwenye saruji kama mkia wa mjusi uliokatika.

Wakashangilia! Wakaninyanyua juu mabegani. "Tumemwokoa! Tumemwokoa!" Mimi nalia ndani ya maski kwamba umebaki, wao wanaona mdomo unakwenda wanadhani nashukuru. Mmoja akaniambia nitazame simu yake, anipige picha. Walikuwa bado wananizungusha paa lilipoporomoka.

Na mlinzi? Mlinzi alikuwa amevaa buti zake amekwenda kununua viazi karai. Aliporudi alikuta watu wanavuta, akaweka viazi vyake chini, akavuta nao. Katana anasema hakuna aliyevuta kwa nguvu kama yule. Nilipoteremshwa alinishika mkono kunipa pole, na vidole vyake vilikuwa vinanata ukwaju.

Basi cheka. Mimi nilicheka. Nilicheka pale pale, mpaka Mkubwa wetu wa kituo, Onyango, akanizaba kofi, kisha akanikumbatia, kisha akalia yeye.

Mazishi yako Kisauni yalijaa, usijisifu, watu walikuja kumwona mheshimiwa. Naye mheshimiwa akakuita Mbeyo mwanzo mpaka mwisho, akasema ulikuwa mwanamke uliyeupenda moto. Uliupenda moto! Ungekuwa hai ungemnyunyizia maji. Hapo nikaona zamu ya mtani imefika. Nikapenya, nikaketi ukingoni mwa kaburi lako, miguu ndani, nikapiga kelele, "Hazikwi mtu hapa! Huyu Mgiriama kaondoka kazini kabla ya zamu kwisha, ruhusa hakuomba! Aamke akaoshe gari!" Wakacheka, Mbeyu, kwaya nzima ikacheka. Mamako alicheka hadi leso ikamwanguka. Kisha akainama, akaniwekea mkono kichwani, akasema polepole, "Ahsante, mtani, umetutoa machozi ya aina nyingine. Sasa toka, mwanangu alale."

Sikutaka kutoka. Hilo hawakujua kama ni utani ama si utani. Katana alinishika makwapani.

Ngoja ninywe chai yangu, imeshapoa.

Haya. Mambo ya kituoni. Tumeletewa gari jipya, king'ora chake kinalia kama mbuzi mwenye mafua, utadhani tunakwenda kuomba radhi. Kabati lako kapewa Wambui, yule kuruta kutoka bara ambaye ulikuwa ukimwambia Kiswahili chake kina mawe ndani. Anasema glavu zako amezikuta bado zimekunja vidole, na hajazinyoosha. Wamo makuruta sita, wazuri, wana nguvu, wana njaa ya kazi. Lakini unaijua sheria yako: asiyepita kontenani na moshi wake hapandi gari kwenda kwenye moto. Na tangu ufe hakuna aliyewaingiza. Juzi nyumba imeungua Jomvu, tumekwenda watu watatu. Sita wamekaa kituoni wanacheza bao, na sisi kule tunatukanwa kwamba tumekuja kutazama. Yule mama wa pale ametoka salama, lakini si kwa sababu yetu, majirani walikuwa wameshabomoa ukuta.

Mkubwa akaniita. "Rashidi, anayejua kamba ya Mbeyu umebaki wewe. Waingize hao watoto." Nikamwambia, "Mkubwa, hilo kontena kwangu ni sebule. Nitawaingiza na viatu nimevua." Akafurahi.

Wiki hiyo tumbo likanisumbua. Iliyofuata maski ilikuwa inavuja, karibu na shavu hapa, hakuna aliyeiona ila mimi. Iliyofuata wakapanga Ijumaa, na mimi Ijumaa ni mtu wa msikitini, hilo hata wewe unalijua, ingawa ulikuwa ukisema imamu akiniona huuliza kama ni Idi. Wambui akanitazama, magunia yameshawashwa, moshi unapanda, akaniambia, "Buda, leo ni nini tena? Hiyo kontena imekukosea nini?" Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, nikawapigia hadithi ya Jeddah mpaka magunia yakazimika.

Mkubwa hakucheka. Amesema Jumatatu ndiyo mwisho. Nisipoingia, makuruta anawarudisha makwao, na mimi nakwenda getini kufungulia magari. Mimi, getini! Mdigo mzima nimeshika mnyororo!

Jana nimejaribu peke yangu kabla hawajafika. Mlango wazi, moshi hakuna, Katana tu nje na kamba. Nilifanya vizuri sana.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Jumatatu naingia. Ndoano yako nimeisafisha kutu na mafuta ya nazi, nitaivaa mimi, na Wambui atafunga ya kwangu. Nitaweka mkono wa kulia ukutani, na hata nikikusikia unaniita sitauondoa. Nitapumua chai ya moto. Nikitoka, hata kama natapika, nitavuka barabara pale Miritini niende kwa wale wa malori, niwafundishe kamba: mara moja, mara mbili, mara tatu. Yule mlinzi yuko huko sasa, hana kazi, anaosha vioo vya malori na hatazami watu usoni. Nitaanza na yeye. Nitamwambia ashike mwisho wa kamba, mimi nishike mwanzo, na sitamtania. Nakuahidi hilo, na unajua kutotania kunanigharimu nini.

Lala basi, we Mgiriama. Mamako nampitia nikipata nafasi, ananipikia mchicha na ugali kisha ananicheka ninavyokula. Nafasi yako kando ya jiko lake bado ina joto, na hakuna anayeikalia.

Na ile bahati ya mwanzo wa barua, Mbeyu, ni uongo. Silali. Jana Katana aliikaza kamba kidogo tu, ikanigusa kiunoni, nikajikojolea mlangoni. Sikufika hata ndani.

Rashidi