Kwangu Haigandi

Muleba, Jumamosi. Mawingu yamekaa juu ya migomba tangu asubuhi. Mvua inatishia tu, hainyeshi.

Samahani. Nimekaa kimya muda mrefu mno, na mara ya mwisho niliahidi hapa kwenye ukurasa wangu kueleza kwa nini programu inafunguka kwenye kompyuta yako na kwa mwenzako inakataa. Kuna aliyeuliza mpaka akachoka kuuliza. Mtoto aliota meno, kisha msimu wa kahawa ukafunguliwa, kisha nikawa sina la kusema. Hilo la mwisho ndilo la kweli zaidi.

Basi nianze na lile swali. Angalia kwanza mahali ulipoiambia programu itafute faili la data. Mimi nilikuwa nimeandika folda ya laptopu yangu, yenye jina langu kabisa. Kompyuta ya watu haina folda yenye jina langu, na kwa nini iwe nayo? Iambie programu itafute faili palepale ilipowekwa yenyewe. Halafu hakikisha umepeleka na yale mafaili madogo yanayoandamana nayo. Ukihamisha programu peke yake bila hayo, ni kama kumpeleka mtoto kwa bibi yake bila nguo. Atafika, lakini hatakaa.

Hilo lilikuwa jepesi. Lililonikalisha kimya ni jingine.

Kwa aliyefika hapa leo: mimi ni mama wa mtoto mmoja, Atugonza, anayetambaa na kula kila anachokiokota. Baba yake yuko mgodini, upande wa Geita. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata kozi ya kompyuta kwenye chuo cha ufundi, mengine nimejifunza kwa kukosea. Natengeneza programu za kompyuta za mezani, zile zisizohitaji bando. Kwa sasa inayotumika kweli ni moja tu, ya kupokelea kahawa kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, Kanazi. Ndiyo kazi pekee ninayoweza kuifanya mtoto akiwa mgongoni.

Ghalani kuna kompyuta mbili. Moja iko mlangoni penye mizani. Hapo anakaa Ma Koku, mama mtu mzima, anaandika jina la mkulima na kilo zake. Nyingine iko chumba cha ndani kwa binti anayeitwa Editha, yeye anachapa risiti. Zote mbili zinatumia faili moja la data.

Na karibu kila asubuhi, kompyuta ya Editha ilikuwa inaganda. Skrini inakuwa nyeupe, kishale kinazunguka, hakuna kinachobonyezeka. Baadaye inazinduka yenyewe kama vile haikufanya lolote. Wakati huo foleni imefika barabarani, magunia yako nje, na watu wanaangalia mawingu, kwa sababu kahawa iliyokaushwa vizuri ikilowa wanarudi nayo nyumbani kuianika upya.

Ma Koku alikuwa ananipigia. "Mwanangu, imestaki tena." Namuuliza ulibonyeza nini. "Sijabonyeza kitu. Nilikuwa hata sipo kwenye kiti." Editha naye anasikika kwa nyuma, "Mwambie hata mimi sijaigusa!"

Nikajaribu hapa nyumbani. Nikaweka laptopu yangu na ile kuukuu ya shemeji yangu mezani, nikaziunga, nikajaza wakulima wa kubuni mpaka majina yakaniishia, nikaanza kuandika majina ya mboga. Haikuganda. Siku ya pili haikuganda. Nikawaambia Kanazi neno ambalo kila fundi wa programu amewahi kulisema, na kila mteja analichukia.

Kwangu haigandi.

Katibu wa chama si mtu wa maneno mengi. Jumanne alinipigia mwenyewe. "Mama Atugonza, tumekuvumilia. Ikiganda tena Jumatatu, tunarudi kwenye karatasi." Nikasema sawa. Nikakata simu, nikakaa chini sakafuni karibu na mtoto.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Simu ya Kanazi ilipokuwa inaita asubuhi, moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha. Nilijua ni tatizo. Lakini ni mtu. Baba Atugonza akipiga ni kwa haraka, mtandao wa kule unakatika: mtoto salama? Wewe salama? Haya. Mama yangu yuko Nyanga, simu yake haikai na chaji. Jirani wa hapa tulipopanga anaondoka asubuhi anarudi giza. Zipo siku sauti pekee ya mtu mzima niliyoisikia ilikuwa ya Ma Koku akinilalamikia.

Nikiitengeneza ikapona kabisa, nani atanipigia?

Niliwaza hivyo kweli. Halafu nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda gari la asubuhi la kwenda Bukoba, nikashukia Kanazi. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sikugusa kompyuta. Niliomba kigoda, nikakaa kwenye kona ya ghala kati ya magunia, nikaangalia tu. Ma Koku alikuwa anaandika vizuri kabisa, kidole kimoja kimoja, midomo inatamka kila herufi. Mkulima mmoja, wa pili, wa tatu. Editha kule ndani anachapa. Hakuna tatizo. Nikaanza kuona aibu kwamba nimekuja bure.

Akaingia bibi mmoja mzee, amejitanda kanga, nyuma yake mjukuu wake mwanamume amebeba gunia.

Ma Koku alikuwa ameshafungua fomu ya mkulima aliyetangulia. Jina ameandika, kilo bado. Alipomwona bibi, akaacha vyote. Akateremka kwenye kiti, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la kahawa, mikono yote miwili mbele, akamwamkia kwa Kihaya.

"Kaboneka waitu."

Bibi akaipokea salamu taratibu, kama inavyopokelewa. Wakaulizana za nyumbani, za mgonjwa, za kibanja cha migomba, za ng'ombe aliyezaa. Hakuna aliyekuwa na haraka, na mkulima ambaye kilo zake zilikuwa hazijaandikwa naye aliinama akangoja zamu yake ya kusalimia. Bibi akafungua pindo la kanga, akatoa kahawa za kutafuna, akampa kila mmoja. Hata mimi. Hata Atugonza angepewa kama nisingemzuia bibi.

Editha akapiga kelele kutoka ndani: "Imestaki!"

Bibi akageuka. "Nini imestaki?"

"Kompyuta, waitu," akasema Ma Koku, bado yuko chini.

"Hiyo kompyuta yenu haina adabu," bibi akasema huku anatafuna. "Watu wanasalimiana, yenyewe inanuna."

Ghala zima likacheka. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Nilikuwa nimeandika hivi: mtu akifungua fomu ya mkulima, programu inalifunga faili la data kwa kufuli, na haiachii mpaka abonyeze Hifadhi. Nilifanya hivyo kwa hofu, ili watu wawili wasije wakapata namba moja ya risiti. Kwa hiyo Ma Koku akiinuka kusalimia kabla ya kuhifadhi, kufuli linabaki limefungwa, na kompyuta ya Editha inagonga mlango na kungoja. Na kwa kuwa ile kazi ya kungoja niliiweka palepale inapofanyika kazi ya kuchora dirisha, dirisha nalo linaganda. Wazee wengi wanakuja asubuhi, kabla ya jua kali. Ndiyo maana iliganda asubuhi.

Na ndiyo maana kwangu haikuganda. Hapa nyumbani nikifungua fomu naijaza mpaka mwisho. Hakuna anayeingia. Mtoto amelala au yuko mgongoni, hakuna wa kunifanya niinuke.

Nilirudi nikiwa nimebeba hilo, na lilikuwa zito kuliko mtoto.

Lakini kabla sijaondoka, katibu alikuwa na wazo. Alitaka kubandika tangazo ukutani: hakuna kusalimiana kabla ya kuhifadhi. Alisema kwa nia njema, na karatasi alikuwa ameshaichukua. Ma Koku aliangalia pembeni. Nikamwambia katibu, kwa heshima lakini sikuzungusha, asilibandike. Ma Koku hana kosa. Programu ndiyo imekuja ghalani kwao, yeye hakuifuata. Kama haiwezi kungoja mtu amsalimie bibi yake, basi nimeiandika vibaya, na nitaiandika upya.

"Kabla ya Jumatatu?" akauliza.

"Kabla ya Jumatatu."

Jana na leo nimekuwa kwenye hilo, mtoto akilala naandika, akiamka naacha. Kwa anayepambana na tatizo kama langu, nimefanya hivi. Fomu ikifunguliwa sasa haifungi kitu, inashika maandishi kwenye kumbukumbu tu. Kufuli linafungwa pale mtu anapobonyeza Hifadhi, namba ya risiti inatolewa hapo hapo, kufuli linaachiwa kabla hujapepesa jicho. Kazi ya kungoja nimeitenga na kazi ya dirisha, kwa hiyo hata faili likiwa limeshikwa, dirisha linaendelea kuitika. Na ikibidi kungoja sana, halinyamazi. Linaandika: "Subiri kidogo, mwenzako anahifadhi." Kwa Kiswahili cha kawaida. Mtu akijua anachokingoja hachoki sana.

Usimshikilie mwingine wakati wewe mwenyewe bado unafikiri. Ningeambiwa hivyo chuoni, ningelala zaidi mwaka huu.

Mchana huu nimeijaribu. Nikafungua fomu, nikaandika jina, kilo nikaziacha. Nikainuka. Nikapiga magoti mbele ya Atugonza kwenye mkeka, nikamsalimia salamu yote, za nyumbani, za kibanja, za ng'ombe tusiye naye. Alicheka mpaka akaanguka kwa nyuma. Alidhani ni mchezo tumeanzisha, kila nikitaka kuinuka ananivuta gauni. Nikakaa naye chini muda mrefu kuliko jaribio lilivyohitaji. Kisha nikaenda kwenye ile kompyuta nyingine, nikachapa risiti.

Imechapa.

Nikafurahi, nikageuka nimwambie mtu.

Siiamini bado. Nilijua nitainuka, nilijua nitainuka lini. Hilo si jaribio, ni igizo. Ma Koku hajui nani ataingia mlangoni.

Jumatatu gari la kwanza nitakuwa Kanazi, na flashi kwenye pochi. Ikikubali, watu wa Kanazi hawatakuwa na sababu ya kunipigia, na nitazoea. Kupenda kupigiwa simu si sababu ya kuwaanikia watu kahawa mvuani.

Basi nitumiwe haya, na wanaohusika wanasoma hapa, au wasomewe.

Editha, nitumie picha ya skrini nzima, usikate pembeni, ya ile kompyuta ya ndani ikiwa inawaka tu, nione toleo lake. Na uniandikie ulibonyeza nini mara ya mwisho ilipoganda, hata kama unaona ni upuuzi.

Ma Koku, majina ya wakulima wanaofanana majina, pamoja na vijiji vyao, nisije nikawachanganya.

Baba Atugonza, waya wa kuchajia laptopu, wangu unashika ukiukunja tu. Sweta ya mtoto, asubuhi kuna ukungu. Na ukipata mtandao mzuri, sauti yako, ndefu, useme chochote, niwe namsikilizisha mtoto.

Mama, kama kuna mtu anakuja huku kutoka Nyanga, ndizi za kupika, na ujumbe kwamba simu umeichaji.

Na mtu mmoja, yeyote aliye karibu, kesho baada ya misa. Usiniambie saa. Nitakuwa nimekaa mezani nimefungua fomu, jina nimeandika, kilo bado. Njoo upige hodi.