Baba Anaongea na Paka

Kaka yangu,

Huku tu wazima, na paka amenenepa. Siku hizi ndiye msemaji wa nyumba. Baba akitaka chumvi mezani, utamsikia, "Paka, hebu mwambie huyo dada yako anisogezee chumvi." Naisogeza, na paka analipwa kipande cha samaki kwa kazi ya ukalimani.

Kura ya maoni umeisikia. Sisi wa bandarini tuna viti vinne kwenye baraza la kisiwa, wenzetu wa nyuma ya kilima wana kimoja, na kwa idadi ya watu tunalingana! Basi nimefunga saluni, nazunguka nyumba kwa nyumba nikiomba viti vigawanywe kwa haki. Jirani mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Hayo yalikauka. Ila tukishinda, kiti cha kwanza kuondoka ni hicho anachokalia baba.

Leo tumepiga kura. Nilimkuta baba kwenye foleni, nikasimama nyuma yake, nimetulia kama maji mtungini. Alipomaliza akanisubiri getini. Akaangaza huku na huku, nadhani alikuwa anamtafuta paka. Kisha akasema, "Mwanangu, hao wa nyuma ya kilima wakipata mtu wao mpya, mlete nyumbani nimfundishe kusoma bajeti. Sisi wa bandarini ni wajanja mno."

Matokeo ni kesho. Lakini jioni hii chumvi ameniomba mwenyewe.

Ni mimi dada yako, domo kaya